Kusoma Sanaa ya Studio na Historia ya Sanaa Chuoni: Maswali Yanayorudi Kila Mara

Haya ni maswali ambayo watu wanaotaka kuingia kwenye sanaa huwa wananiuliza, yaani yale yale, kila muhula mpya ukikaribia. Nimesoma vyote viwili, studio na historia, kwa hiyo najibu nikiwa nimekaa pande zote, na pale ninapotoa maoni yangu binafsi utaona tu.

## Mwanzo mwanzo

Kwani sanaa ya studio na historia ya sanaa si kitu kimoja?

Hapana, ila ni ndugu wa tumbo moja. Studio ni pale unapotengeneza: kuchora, kupaka rangi, kuchonga, kufinyanga, kuchapa, kupiga picha, video. Historia ya sanaa ni pale unapokaa na kazi aliyoifanya mtu mwingine ukauliza imetengenezwaje, nani aliilipia, iliwekwa wapi, watu wa wakati wake waliionaje, na imefikaje hapo ilipo leo. Studio unapimwa kwa kazi zako, historia unapimwa kwa insha na mitihani.

Wengi wanachagua kimoja na kukikimbia kingine, wa studio wanaona kusoma ni kupoteza muda, wa historia hawataki kuchafua mikono. Mi nasema wote wanajipunja. Mfano naoupenda: mwaka 1841 mchoraji Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya tyubu ya rangi ya bati laini, ile unayoiminya. Kabla ya hapo rangi ya mafuta iliyosagwa ilikuwa inahifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe, ukishakitoboa rangi inaanza kukauka. Tyubu ikaja na kifuniko, mtu akaweza kutembea na rangi zake mpaka mtoni. Ukiwasoma wale wachoraji wa Ufaransa waliokuwa wanapaka nje juani miaka ya 1870 bila kujua habari ya tyubu, utadhani waliamka tu siku moja wakapenda jua. Aliyewahi kubeba rangi mwenyewe analielewa hili kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Sijui kuchora kabisa, naweza kuomba?

Kwa historia ya sanaa, ndio, moja kwa moja, hakuna atakayekudai mchoro. Kwa studio inategemea chuo, vingine vinataka potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako (angalia swali linalofuata), vingine vinakupokea na kukufundisha kuanzia penseli.

Ila hili neno "sijui kuchora" lina shida. Kuchora ni kuona kwanza, mkono unafuata. Karibu kila anayeanza anachora kile anachojua badala ya anachokiona, jicho linakuwa umbo la samaki, pua inakuwa herufi, na hilo linarekebishika kwa mazoezi. Mchoraji Mholanzi Van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na miaka 27, na michoro yake ya mwanzo ni mizito na mikavu, mikono ya watu imekaa kama mbao. Mchoraji Mrusi Kandinsky aliacha taaluma ya sheria akiwa na miaka 30 akaenda Munich kusomea uchoraji. Kwa hiyo na swali la "nimechelewa?" nalo nimeshalijibu hapo hapo.

Potifolio inatakiwa iweje?

Vyuo vingi vinaomba kazi kati ya 10 na 20, soma maelekezo yao kwanza maana kila chuo kina yake. Weka kazi chache nzuri kuliko nyingi za wastani, kwa sababu wanaokagua wataikumbuka ile dhaifu. Weka michoro uliyochora ukiwa unaangalia kitu halisi mbele yako, kiatu, mkono wako, chumba, dirisha. Michoro ya kunakili picha za watu maarufu kutoka kwenye simu hata ikiwa safi namna gani haiwaambii wewe unaonaje, inawaambia tu kwamba una subira.

Na tafadhali weka kurasa za daftari lako la michoro, zile chafu zenye majaribio na mistari iliyofutwa. Nimewahi kukaa na watu wanaokagua potifolio na nikaona kwa macho yangu wanavyotulia wakifika kwenye daftari. Hapo ndo wanaona mtu anafikiri.

Upigaji picha wa kazi zako nao ni nusu ya vita. Mwanga wa dirishani, kazi imenyooka, ukutani hakuna kitu kingine, kamera ielekee katikati, usitumie flashi.

Nichukue digrii ya studio tupu au ile ya mchanganyiko?

Kwa mfumo wa Marekani kuna digrii ya sanaa ya ufundi ambapo karibu theluthi mbili ya masomo yako yote ni sanaa, na kuna ile ya kawaida ambapo sanaa ni kama theluthi moja na nafasi inayobaki unasoma vitu vingine. Nchi nyingine zina mpangilio wao ila wazo ni lile lile. Ukiwa una uhakika unataka kukaa studio saa nyingi kila siku, chukua ya kwanza. Ukiwa unataka kuchanganya na historia, lugha, kemia, kompyuta, chukua ya pili. Mi ningekuwa naanza leo ningechukua ya pili.

## Ndani ya studio

Mbona mwaka wa kwanza tunapewa mazoezi ya ajabu, kukata karatasi, kupanga rangi kwenye miraba, kuchora kwa mkono wa kushoto?

Huo unaitwa mwaka wa msingi na una historia yake. Shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus ilianzishwa Weimar, Ujerumani mwaka 1919, na mwalimu wake Johannes Itten akaanzisha kozi ya awali ya miezi sita ambayo kila mwanafunzi aliipitia kabla ya kuingia karakana. Walishika mbao, kioo, kitambaa, sufu, walichunguza vitu vigumu na laini, giza na mwanga. Baadaye Josef Albers aliendelea nayo, akawa anawapa wanafunzi karatasi tu na kuwaambia watafute karatasi yenyewe inataka nini. Bauhaus ilifungwa mwaka 1933 chini ya shinikizo la Wanazi, walimu wake wengi wakahama, na mazoezi yao yakasambaa nao. Lile zoezi lako la miraba ya rangi lina zaidi ya miaka mia.

Fanya kwa moyo. Siku utakapoona rangi ile ile ya kijivu inaonekana ya kijani ukiiweka kwenye nyekundu na inaonekana kama ina wekundu ukiiweka kwenye kijani, hutaangalia tena ukuta wowote kama zamani.

Kritiki ni nini, na nifanyeje nisiumie?

Kritiki ni kile kikao ambacho kazi zinabandikwa ukutani na darasa zima pamoja na mwalimu wanaiongelea moja baada ya nyingine. Saa ingine inachukua saa nne. Ndo kitu kinachowatisha watu kuliko vyote, na kwa kweli ndo kitu kilichonifundisha zaidi.

Kwanza, usianze kwa kuomba msamaha, "samahani haijaisha", "sikuwa na muda". Ukisema hivyo watu wanaongelea msamaha wako badala ya kazi. Pili, nyamaza uwasikilize wanaona nini kabla hujawaambia ulikusudia nini, maana kile wanachokiona ndicho kilichopo kwenye kanvasi, hicho ulichokusudia bado kipo kichwani kwako. Tatu, mwombe rafiki akuandikie yanayosemwa. Ukiwa umesimama pale mbele moyo unaenda mbio na utakumbuka sentensi moja tu, na itakuwa ile mbaya.

Kuna mwalimu mmoja aliwahi kuipindua kazi yangu juu chini mbele ya watu wote bila kusema neno, akasubiri. Nilikasirika sana, usiku nzima sikulala vizuri. Kesho yake nikaipindua mwenyewe nikaona uzito wote wa picha umeegemea pembe moja, kitu nilichokuwa nashindwa kukiona wiki tatu. Hata leo nageuza kila kazi kabla sijaiita imekwisha.

Ila tofautisha: kukosoa kazi ni sawa, kukutukana wewe, mwili wako au unakotoka si kritiki, na una haki ya kulipeleka kwenye ofisi ya idara.

Ni kweli kuna darasa la kuchora mtu akiwa uchi? Ni lazima?

Vyuo vingi linakuwepo, sehemu nyingine ni la lazima kwa wanaosomea kupaka rangi na kuchonga. Modeli analipwa, anapanda jukwaani, anakaa mkao wa dakika moja moja ya kupasha mkono joto, halafu mkao mrefu. Hairuhusiwi kupiga picha, hairuhusiwi kumgusa, na akishuka anavaa. Baada ya dakika kumi unakuwa unahangaika na pembe ya bega hata hukumbuki kwamba hajavaa. Kama imani yako haikuruhusu, mwambie mwalimu mapema kabla muhula haujaanza, mara nyingi kunapatikana njia ya modeli aliyevaa au kuchora mifupa na sanamu za plasta.

Hapa historia inaingia yenyewe. Royal Academy ya London, jumuiya ya wasanii yenye shule yake, ilianzishwa mwaka 1768 na kati ya waanzilishi walikuwepo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Mchoraji Johan Zoffany akachora picha ya wanachama wakiwa kwenye darasa la modeli, 1771 mpaka 1772, na kwa kuwa ilionekana haifai wanawake kuwa ndani ya chumba hicho, hao wawili akawaweka kama picha zilizotundikwa ukutani. Wamo na hawamo. Wanafunzi wa kike wa pale walikaa mpaka 1893 ndo wakaruhusiwa modeli wa kiume, tena akiwa amefunikwa sehemu. Na picha kubwa za dini na historia, zile zilizokuwa zinahesabiwa ndo sanaa ya juu, zilihitaji kuujua mwili. Kwa hiyo mtu akikuuliza mbona zamani wachoraji wakubwa karibu wote wanaume, anzia hapo, mlangoni mwa hilo darasa.

Nianze na akriliki au rangi ya mafuta?

Akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, kwa anayeanza. Inakauka haraka kwa sababu maji yake yanaondoka hewani, unaosha brashi kwa maji na sabuni, hakuna harufu kali. Rangi ya mafuta haikauki kwa namna hiyo, mafuta ya kitani yanaungana na oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu, ndo maana inachukua siku au wiki, na ndo maana unaweza kurudi kesho ukakuta uso uliochora bado unachanganyika.

Sheria mbili usizisahau: mafuta yanaweza kupakwa juu ya akriliki, akriliki isipakwe juu ya mafuta, itabanduka. Na ukiwa unapaka mafuta tabaka juu ya tabaka, za chini ziwe na mafuta kidogo, za juu ziwe na mafuta zaidi, la sivyo zinapasuka.

Kuna hatari kiafya?

Zipo, na hapa nitakuwa mkali. Matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa yanajipasha joto yenyewe wakati mafuta yanaungana na oksijeni, na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yanawekwa kwenye pipa la chuma lenye kifuniko au yanalowekwa maji. Vumbi la udongo mkavu wa kufinyangia lina silika inayoharibu mapafu taratibu kwa miaka, kwa hiyo chumba cha udongo hakifagiliwi kikavu, kinafutwa kwa maji. Usile ukiwa na rangi zenye kadimiamu au madini ya risasi (metali zenye sumu) mikononi, usilambe brashi kuichongoa, fungua madirisha ukitumia turpentaini, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi ya mafuta. Wanafunzi wa zamani watakwambia "mbona sisi hatukufa". Usiwasikilize.

## Darasa la historia

Ni kukariri tarehe na majina tu, si ndio?

Kukariri kupo, tusidanganyane, utaonyeshwa slaidi na utatakiwa kutaja kazi, aliyeifanya, mahali na mwaka. Lakini hiyo ni kama kujua majina ya watu kwenye sherehe, ukishayajua ndo mazungumzo yanaanza. Swali lenyewe la mtihani mara nyingi ni kulinganisha: slaidi mbili kwa pamoja, sema zinafanana wapi na zinatofautiana wapi na kwa nini. Njia hii ya picha mbili ubavuni ilipata nguvu kwa Heinrich Wölfflin, mwalimu Mswisi, aliyekuwa anafundisha na projekta mbili, na mpaka saivi darasa linaendeshwa hivyo hivyo.

Kukariri vizuri: chora. Kadi ndogo, chora ile kazi kwa sekunde thelathini, nyuma andika taarifa. Ukishaichora hata vibaya haitoki kichwani, na huyu ndo yule ndugu wa studio anakusaidia mtihani wa historia.

Insha ya kuchambua kazi moja naianzaje? Naangalia picha sioni cha kuandika.

Kaa mbele yake nusu saa bila simu. Sikutanii. Dakika tano za kwanza utaona kila kitu unachokijua tayari, dakika ya kumi utachoka, ikifika dakika ya kumi na tano vitu vinaanza kujitokeza, mkono mmoja umepakwa haraka kuliko mwingine, mwanga unatoka upande usioeleweka, mtu mmoja anakuangalia wewe.

Andika unachokiona kabla ya maana yake. Ukubwa, nyenzo, mistari, rangi, mahali jicho linapoingilia na linapotokea. Halafu uliza "kwa nini" kwenye kila kimoja. Hoja yako itatoka humo. Usianze insha na "tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akitengeneza sanaa", mwalimu amelisoma hilo mara mia tano.

Na usiamini kila kilichoandikwa. Giorgio Vasari, aliyechapisha maisha ya wasanii wa Italia mwaka 1550 na ambaye wengi wanamwita baba wa somo hili, alisema Jan van Eyck, mchoraji wa Flanders wa karne ya 15, ndiye aliyegundua rangi ya mafuta. Si kweli. Kwenye mapango ya Bamiyan, Afghanistan, kuna picha za ukutani za karne ya 7 zenye mafuta yanayokauka, miaka 700 na zaidi kabla ya van Eyck. Kilichompa sifa van Eyck ni namna alivyoyatumia mafuta hayo.

Picha zote zipo intaneti, kwa nini nilazimike kwenda makumbusho?

Kwa sababu skrini inavifanya vyote vilingane. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53. Guernica ya Picasso, ya mwaka 1937, ni karibu mita 3 na nusu kwa mita 7.8. Kwenye simu yako zote mbili zina ukubwa wa kiganja. Moja unaisogelea kama mtu anayekunong'oneza, nyingine inakuzidi, lazima utembee kuimaliza. Skrini haikuonyeshi pia unene wa rangi, ubavu wa kazi, mahali palipokwaruzwa. Kama huna makumbusho karibu, tumia picha kubwa ambazo makumbusho makubwa yameziweka wazi mtandaoni, na kila mara tafuta vipimo, kata kamba ya urefu huo uishike ukutani. Inasaidia kuliko unavyofikiria.

Mbona kozi ya utangulizi ni Ulaya, Ulaya, halafu Afrika na Asia wiki moja?

Umeona sawasawa, na ni malalamiko ya haki. Somo lenyewe lilikuzwa na watu wa Ulaya wakijitazama wao kwanza. Mwaka 1910 mtafiti Mjerumani Leo Frobenius alipofika Ife, Nigeria, akaona vichwa vile vilivyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, alishindwa kukubali kwamba ni kazi ya Wayoruba wenyewe, akadai vinatokana na Atlantis, kisiwa cha hadithi. Leo tunajua vilitengenezwa hapo hapo karne nyingi kabla hajazaliwa, vingine kwa udongo wa kuchoma, vingine kwa aloi za shaba kwa njia ya nta inayoyeyuka (umbo la nta linafunikwa udongo, nta inayeyushwa, shaba inamwagwa mahali pake). Mtu yeyote aliyewahi kumwaga shaba kwenye karakana ya chuo anajua kichwa cha shaba chenye ukuta mwembamba vile bila tundu ni mwalimu wa walimu ndiye anaweza.

Vyuo vingi vinabadilika, taratibu mno kwa maoni yangu. Wewe usisubiri: kila insha unayopewa uhuru wa kuchagua kazi, chagua nje ya orodha.

Yule aliyeleta choo, kwa nini ni sanaa?

Mwaka 1917 msanii Mfaransa Marcel Duchamp alipeleka sinki la kukojolea wanaume kwenye maonyesho New York, limesainiwa "R. Mutt". Waandaaji walikuwa wametangaza watapokea kazi ya kila aliyelipa ada, na hilo hawakulionyesha. Swali lake lilikuwa nani anaamua kipi ni sanaa, na walijibu kwa kulificha. Lile la asili lilipotea, yaliyopo makumbusho leo ni nakala za baadaye. Si lazima ulipende, ila ukiingia kritiki hulijui utapotea nusu ya mazungumzo.

## Kuchanganya vyote, na maswali ya pembeni

Kunakili kazi ya mtu ni wizi?

Kunakili kujifunza ni desturi ya zamani. Mchoraji Rubens alinakili kazi za Titian, mchoraji aliyemtangulia, akiwa tayari ana jina. Makumbusho ya Louvre, Paris, mpaka leo yanatoa vibali kwa wanaonakili, na moja ya masharti ni kwamba nakala isilingane ukubwa na ya asili. Wizi ni kuiweka kama yako. Andika nyuma "nakala ya fulani", tarehe, basi. Kwenye insha sheria ni kali zaidi, wazo la mtu linatajwa hata ukilisema kwa maneno yako.

Siwezi kutofautisha baadhi ya rangi, niache?

Usiache. Mwambie mwalimu wa rangi, andika majina kwenye tyubu na zipange kwa mpangilio ule ule kila siku. Mchoraji Mfaransa Monet alifanya hivyo hivyo mtoto wa jicho ulipomharibia macho, mpaka alipopasuliwa mwaka 1923. Tena kuna uchongaji, uchapaji wa nyeusi na nyeupe, udongo, mkaa. Giza na mwanga ndo mifupa ya picha, na hivyo unaviona.

Kompyuta zinatengeneza picha sasa, kuna haja ya kusoma?

Mwaka 1839 upigaji picha ulipotangazwa Paris, wachoraji wa picha ndogo ndogo za sura za watu, zile za kuvaa kama kidani, walipoteza kazi kweli, tusiseme hakuna aliyeumia. Kuchora hakukufa lakini kulibadilika. Nadhani na sasa wataumia watu, hasa wanaochora kwa oda ya haraka. Ila digrii hii haikufundishi kutoa picha tu, inakufundisha kuamua ipi ibaki, ipi itupwe na kwa nini. Kabla ya kutumia programu hizo kwenye asaimenti uliza sheria ya darasa lako, walimu wanatofautiana sana.

Baada ya hapo nafanya kazi gani?

Kufundisha, makumbusho na galari, usanifu wa vitabu na matangazo, uhariri, minada, uhifadhi wa kazi za zamani. Uhifadhi unataka kemia, kwa hiyo ukilifikiria hilo anza kemia mapema usije ukarudi nyuma miaka miwili. Kufundisha chuoni studio kwa kawaida kunahitaji masta ya sanaa ya ufundi, historia inahitaji udaktari, na udaktari huo mara nyingi unadai kusoma Kifaransa au Kijerumani, pamoja na lugha ya eneo unalolichunguza.

Wanaoishi kwa kuuza kazi zao tu ni wachache na wengi wao walichanganya kwa miaka. El Anatsui, ambaye mapazia yake ya vifuniko vya chupa yametundikwa makumbusho makubwa duniani, alianza kufundisha uchongaji Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka mwaka 1975 na akaendelea miongo mitatu na zaidi.

Nimekaa wiki mbili sijatengeneza kitu, kichwa kitupu. Nifanyeje?

Osha brashi, safisha meza. Chukua kazi moja unayoipenda kutoka kwenye notisi zako za historia na uinakili kwa mkaa, saa moja, bila kufuta (kuhusu kunakili nimeshasema juu). Kesho inakili tena, ila badilisha kitu kimoja, mwanga au mtu mmoja mtoe. Siku ya tatu badilisha kingine. Mi huwa ikifika siku ya nne au ya tano ile ya asili nimeshaiacha mbali, nipo kwenye kitu changu.